Pete Ibaki Mfukoni Mpaka Uchaguzi Uishe

Haya alinisimulia Arlene Tollefson, jirani yangu kwa miaka arobaini sasa, asubuhi ile theluji ya kwanza ilipotuangukia, tukiwa jikoni kwangu tunamenya maapulo. Alisimulia huku anacheka mpaka nikamnyang'anya kisu, maana nilihofia vidole vyake. Kipande cha mwisho, kile cha sofa, hakukijua kwa sababu alikuwa amelala. Hicho nilikipata kwa Dewey mwenyewe, siku alipokuja kunizolea theluji mlangoni.

Mwaka ule mume wa Arlene, Orville, mwuza matrekta, aligombea useneta wa jimbo letu la Wisconsin. Aliyeiendesha kampeni ni binti yao Karin, miaka ishirini na tisa, mrefu kama baba yake, mwenye macho ambayo yakikutazama unajikuta unanyoosha kola. Na aliyempenda Karin ni Dewey Kubiak, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Ukitaka kujua kama Dewey ameona haya usimtazame usoni, tazama masikio. Hayo ndiyo hutangulia kuwa mekundu.

Mwaka mzima Dewey alikula chakula cha Jumapili kwa Arlene. Mwezi wa nane akapata kazi. Bwana Strand, tajiri wa viwanda vya jibini, alikuwa ameanzisha kundi la kumsifu Orville kwenye televisheni kwa pesa yake mwenyewe, na Dewey akaajiriwa kuandika matangazo. Familia ikafurahi. Furaha ikadumu siku mbili.

Kwa sababu kwetu tajiri anaruhusiwa kummwagia mgombea sifa kwa pesa apendavyo, lakini kwa sharti moja. Kundi lake na watu wa mgombea wasishauriane hata neno. Kila mmoja alime shamba lake, na asimwambie mwenzake amepanda nini. Karin na Dewey sasa walikuwa upande mmoja, wakitaka mzee mmoja ashinde, na hawaruhusiwi kuulizana kazi imekwendaje.

Wakili wa kampeni, Lowell Pfister, mwembamba kama ufagio, aliyekuwa analala chumba cha wageni cha Arlene ili kampeni isilipie hoteli, aliwakalisha chini.

"Mapenzi mnaruhusiwa," aliwaambia. "Hali ya hewa pia. Chakula. Uchaguzi hapana."

"Na nikitaka kumwuliza tutaonana lini?" Dewey akauliza.

"Hapo utakuwa umeuliza ratiba ya kampeni."

Wakavumilia. Walikutana wakaongea mvua na supu, na Arlene anasema hajawahi kuona watu wakiitazama supu kwa huba namna ile.

Kisha likatoka lile tangazo.

Dewey aliliandika kwa moyo wake wote. Linamwonyesha Orville kando ya ng'ombe, jua linachomoza nyuma yake, na sauti nzito inasema: Orville Tollefson. Hajawahi kugusa bia. Bwana Strand, ambaye mwenyewe hanywi, alilipenda mpaka akaagiza lirushwe asubuhi, mchana na jioni.

Sasa wewe hebu fikiri. Wisconsin. Mwanamume wa Wisconsin asiyegusa bia tunamwombea. Na mpinzani wa Orville ni nani? Ni Duane Klabunde, mwenye baa.

Dewey asingejua. Mezani kwa Arlene bia haikanyagi, watu wote hunywa maziwa, na Jumapili hamsini kijana wa watu alimwona Orville ananyanyua glasi nyeupe. Karin alijua. Lakini afanye nini? Akimwambia Dewey aliondoe tangazo, huko ni kushauriana. Akimwambia kwa nini ana hasira, ni kulekule. Na yeye alijijua, akisikia tu sauti ya Dewey kwenye simu maneno yatamtoka. Basi akaacha kupokea simu. Siku kumi na mbili.

Dewey naye alichoona ni kwamba ameachwa. Bwana Strand alikuwa na mgombea mwingine Arizona anayehitaji kusifiwa, akamwambia Dewey ahamie huko Jumatatu. Dewey akasema atajibu Ijumaa usiku. Na Ijumaa, kama kawaida, mji mzima ulikuwa katika ukumbi wa zimamoto, kwenye karamu ya samaki wa kukaanga.

Orville alikuwa amekaa pembeni na sahani yake. Mbele yake glasi ya maziwa. Hakuyaagiza, kila aliyepita alimletea.

Duane Klabunde akaja na taulo begani, maana ndiye aliyekuwa anamimina bia jioni hiyo.

"Mzee Orville. Nikupashie moto maziwa?"

"Duane, niache nile."

"Nauliza tu. Mke wangu anasema ya moto yanaleta usingizi."

"Mwambie mkeo hotuba zako zinatosha."

Duane akacheka, akaweka kikombe cha mtoto chenye mrija karibu na sahani, akaenda zake. Orville akageukia familia yake. "Miaka sitini na minne nimeishi mji huu. Leo kinyozi ameniuliza kama ninaumwa."

"Kula, baba," Karin akasema.

"Nikimjua aliyeandika lile tangazo..."

"Hujui aliyeandika," Wakili Pfister akamkatiza, akivuta sahani yake ya pili ya samaki. "Huruhusiwi kujua."

"Si yule pale mlangoni anaingia?"

Karin hakugeuka. Lakini Arlene alikuwa karibu naye, akaona mkono wa binti yake unaweka uma chini, unauokota, unauweka tena.

Dewey alikuja na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Akasimama mbele ya meza yao, masikio yamewaka.

"Mama Arlene, habari za jioni. Mzee. Wakili." Akanyoosha kola. "Karin."

"Kaa, mwanangu," Arlene akasema. "Umekonda."

"Akae hapa, upande wangu huu," Wakili akasogeza kiti chake, akawa yeye ndiye ukuta, Karin kulia, Dewey kushoto. "Haya. Hali ya hewa."

"Kuna baridi," Dewey akasema.

"Ndiyo," Karin akajibu.

"Huko Arizona hakuna baridi."

Karin akamtazama kwa mara ya kwanza. "Arizona imetoka wapi?"

"Nimepata kazi huko. Naondoka Jumatatu, labda. Nimekuja kuuliza kwanza." Sauti ikapungua. "Una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Karin akamtazama Wakili. Wakili akatikisa kichwa taratibu, mdomo umejaa.

"Siwezi kukuambia."

"Ni kitu nilichofanya?"

"Wakili, hilo naweza kujibu?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Kitu chenyewe ndicho siwezi kukitaja."

"Basi usijibu."

Dewey akakuna sikio. "Ni siku ya kuzaliwa ya mama yako? Nilisahau, najua, lakini nilileta ua siku ya pili yake."

"Si hilo."

"Ua lilikuwa zuri," Arlene akasema.

"Ni yule mbwa wenu niliyemkanyaga?"

"Dewey, mbwa ana siku nyingi amekusamehe."

"Ni sweta uliyonifumia? Sikusema ni ndefu. Nilisema tu mikono yangu ni mifupi."

"Hata si sweta. Na mikono yako ni mifupi kweli." Karin akakaribia kutabasamu, kisha akakumbuka, akakunja uso. "Wewe hutazami televisheni?"

Wakili akakohoa, mwiba au sheria, hakuna aliyejua. "Televisheni ni karibu sana na jambo. Rudi nyuma."

"Nimerudi."

"Mama Arlene," Dewey akasema, macho yamejaa maji, "wewe niambie. Nimemkosea nini?"

Arlene anasema alitamani kumwambia mpaka meno yakamwuma. Alichoweza ni kumpiga teke chini ya meza na kuyaelekezea macho maziwa ya Orville. Dewey akayatazama yale maziwa, kisha, kijana wa watu, akanyanyua glasi ile akampa Orville mkononi kwa heshima.

"Samahani mzee. Sikuona kama imekuwa mbali nawe."

Uso wa Orville ulibadilika rangi mara tatu.

Hapo Dewey akaona hakuna lililobaki isipokuwa lile moja. Akatia mkono mfukoni, akatoa kisanduku kidogo, akakiweka mezani kati ya chumvi na kabichi.

"Nilinunua mwezi wa saba," akasema. "Kabla ya kazi, kabla ya yote haya. Kama hunitaki, sema, nitakwenda Arizona. Kama unanitaka..."

"Simama hapo," Wakili Pfister akasema. Akafuta vidole vyake, kimoja kimoja. "Hiyo ni pete?"

"Ni pete."

"Ina thamani?"

"Wakili, ina thamani, ndiyo, nimeilipia majira mawili ya kiangazi."

"Basi tazama. Wewe ni mtu wa kundi la nje. Huyu ni mkuu wa kampeni. Unampa kitu chenye thamani siku kumi na nane kabla ya uchaguzi. Wapinzani wataita huo mchango."

"Anachangia nini?" Arlene akauliza. "Kidole?"

"Mama Tollefson, mimi sitengenezi sheria."

"Na akiivaa lakini asiipende?" Orville akauliza, hasira zikiwa hazijamtoka.

"Orville, wewe nyamaza," mkewe akamwambia.

Karin alikuwa anakitazama kile kisanduku. Arlene anasema uso wa binti yake ulifanya kama dirisha linapopanguswa. Hakuwa amekaa na kijana aliyemdhihaki baba yake mbele ya mji. Alikuwa anapendwa na mjinga mmoja mwenye moyo safi, ambaye Jumatatu atapanda ndege akiamini hapendwi, na yote hayo kwa ajili ya sentensi mbili asizoruhusiwa kuzisema.

"Funika hicho," akasema. "Weka mfukoni."

Masikio ya Dewey yakapoteza rangi yote. Hilo Arlene hakuwahi kuliona. Akachukua kisanduku, akasimama. "Nimeelewa. Asante kwa samaki, Mama Arlene."

"Hujaelewa," Karin akasema. "Wewe tangu nikujue hujawahi kuelewa kitu mara ya kwanza. Kaa chini." Akamgeukia Wakili. "Nina swali. Kampeni yetu inabandika mambo yake kwenye mtandao, sivyo? Ratiba, picha, mzee anapenda nini. Kundi la Bwana Strand likisoma huko, ni kosa?"

"Si kosa. Lililowekwa wazi ni la kila mtu."

"Kwa hiyo neno likisemwa mbele ya watu wote, si siri ya mtu mmoja."

Wakili akafikiri. Akala kipande kimoja cha samaki, akafikiri tena. "Lililosemwa hadharani," akasema, "ni la kila mwenye masikio."

"Huyu anayo," Karin akasema, akasimama.

Mbele ya ukumbi, mkuu wa zimamoto Gus Lindahl alikuwa anasoma namba za bahati nasibu. Zawadi ilikuwa bata mzinga. Karin akamfikia, akamwomba kipaza sauti.

"Nikimaliza bata," Gus akasema.

"Bata hana haraka, mjomba Gus."

Akakichukua. Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu Karin Tollefson alikuwa na ile sauti ya mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha.

"Jirani zangu," akasema. "Mimi ni wa kampeni ya baba yangu, na nina tangazo la wote. Baba yangu anakunywa bia."

Kijiko kilianguka mahali fulani.

"Anakunywa gerejini, nyuma ya mafuta ya trekta, kila jioni baada ya kazi, moja, Jumamosi mbili. Mezani anakunywa maziwa kwa sababu mama yangu hataki chupa kwenye kitambaa chake. Baba, nisamehe. Mama, nawe pia nisamehe, najua hukujua."

"Nilijua," Arlene akasema kutoka mezani, na ukumbi mzima ukamsikia. "Nani unadhani anatoa chupa tupu Alhamisi?"

Orville akamgeukia mkewe. "Miaka yote?"

"Tangu mwaka wa pili wa ndoa."

"Na mimi naweka mafuta mbele kuzificha."

"Nayarudisha mbele nikimaliza."

Watu walianza kucheka, lakini Karin hakuwa amemaliza. "Kuna tangazo kwenye televisheni lililosema vingine. Aliyeliandika simtaji. Ni mtu aliyekula nyumbani kwetu, akaona glasi ya maziwa, akaamini alichokiona, kwa sababu ndivyo alivyo. Nimemkasirikia siku kumi na mbili. Sijamwacha hata siku moja. Kwetu kukasirika na kuacha ni vitu viwili, na kama mtu hajui hivyo anaweza kuwauliza wazazi wangu." Akavuta pumzi. "Na kama yupo humu mwenye swali la kuniuliza, aje aniulizie hapa. Kila mwenye masikio asikie."

Dewey alikuwa amesimama zamani. Arlene anasema mtu unaweza kuona jambo likimwingia: tangazo, maziwa, bia, mzee, yote kwa mpigo. Akajipiga paji la uso kwa kiganja, mlio ukasikika. Kisha akaenda, akigonga kila kiti njiani, akiomba radhi kila kiti.

Gus akampa nafasi. Dewey akashika kipaza sauti pamoja na Karin, mkono juu ya mkono.

"Mimi ni mjinga," akasema kwa ukumbi mzima.

"Tunajua," mtu akajibu nyuma.

"Karin. Utakubali..."

"Pete ibaki mfukoni mpaka uchaguzi uishe," Wakili Pfister akapaza sauti, akisimama na uma mkononi.

"Sitoi. Naomba bila pete. Utakubali kuolewa na mimi?"

"Subiri kwanza." Huyo alikuwa Orville. Alikuwa ameinuka, na mtu wa matrekta akiinuka meza hujua. "Baba bado hajasema. Huyu ameninyima heshima mji mzima. Kinyozi ananionea huruma. Watu wananiletea mrija. Nimpe na binti?"

"Mzee," Dewey akasema, bado kwenye kipaza sauti, "niliandika nilichokiona. Nilikuona mtu mwema, na nikadhani ni kwa ajili ya maziwa."

Orville akaketi tena, macho kwenye glasi yake ya maziwa. Na nani alimwokoa? Duane Klabunde. Alikuja na glasi ndefu ya bia, povu limekaa vizuri juu, akaiweka mbele ya Orville na kuondoa maziwa.

"Kunywa," akasema. "Nataka kukushinda ukiwa mzima."

"Hunishindi."

"Kunywa kwanza, halafu tubishane."

Orville akamtazama Arlene. Arlene akatandua kile kipande cha kitambaa cha karatasi kilichokuwa mbele ya mumewe, akakikunja, akakiweka pembeni. Hapo ikawa meza tupu, haina kitambaa. Orville akanywa, taratibu, mpaka chini, mji mzima ukimtazama, na alipoiweka glasi makofi yakaanza upande wa kinyozi.

"Mwambie ndiyo, binti," akasema akifuta masharubu, "kabla samaki hawajapoa."

"Sikuwa nakusubiri wewe, baba," Karin akajibu. Kisha akamwambia Dewey, kipaza sauti kikiwa kimeteremka, lakini Gus alikuwa karibu akasikia na kusimulia: "Ndiyo. Lakini Arizona utakwenda kutembea tu, na mimi."

Dewey alitoka nje kumpigia simu Bwana Strand. Alirudi baada ya dakika tano, mashavu mekundu kwa baridi.

"Amesema tangazo halitoki hewani. Amesema yeye mwenyewe hanywi na amefanikiwa. Nikamwambia basi nimetoka mimi. Kwa hiyo sina kazi." Akamtazama Wakili kwa matumaini. "Sasa si ninaweza kuzungumza naye?"

"Hapana," Wakili akasema. "Yale uliyoyajua kwa Strand hayajatoka kichwani kwa sababu mshahara umekatika. Mpaka uchaguzi upite, mkikaa pamoja, mimi nakaa kati."

Na alikaa. Waliporudi nyumbani Orville alipanda kulala mapema, akiimba kwa pua. Arlene akazima jiko, akamwambia Dewey kuna blanketi kabatini, akapanda naye. Kwenye sofa sebuleni wakabaki watatu: Karin huku, Dewey kule, na Wakili Pfister katikati, mikono juu ya magoti, sahani nne za samaki tumboni.

"Endeleeni," akawaambia. "Nasikiliza."

"Kuna baridi," Dewey akasema.

"Ndiyo," Karin akasema. "Sogeza blanketi."

Hazikupita dakika kumi kichwa cha Wakili kikaanza kuinama, kikashtuka, kikainama tena, mwisho kikatua begani kwa Dewey. Akakoroma kidogo, kwa adabu.

Karin akainama mbele, akamchungulia Dewey. Sasa hakukuwa na ukuta. Wangeweza kuulizana kila kitu: kura za huku, kura za kule, Strand anapanga nini, Orville ataongea wapi Jumanne.

"Amelala," akanong'ona. "Sema unachotaka."

Dewey akafikiri sana. Aliniambia alitafuta kichwani jambo la kampeni, hata moja, hakulipata.

"Unapenda kitanda kiwe upande wa dirisha au upande wa mlango?" akauliza.

"Dirisha."

"Hata mimi. Itakuwaje?"

"Utalala upande wa mlango."

"Sawa."

Karin akanyoosha mkono nyuma ya Wakili, kwenye mgongo wa sofa, Dewey akaushika. Wakazungumza mapazia. Wakazungumza kama mtoto arithi masikio au asirithi, na Karin akasema arithi. Kisha katikati ya neno "jikoni" akanyamaza, na Dewey akajua usingizi umemchukua kwa vile vidole vilivyolegea bila kuachia. Bega moja lilikuwa na wakili, mkono mwingine umekwenda nyuma umekufa ganzi, na hakutikisika, asije akaamsha hata mmoja wao. Alisikiliza mikoromo mitatu ya nyumba ile, mmoja wa Orville juu, mmoja wa Wakili, na mwembamba kabisa ambao Karin hajawahi kukubali kwamba ni wake. Akajiambia atakaa macho mpaka asubuhi ili asikose hata dakika. Hakufika mbali.